Dondoo za uyoga dawa kwa unene uliokithiri: kilichomo chupani na kisichomo

Anayenunua dondoo ya uyoga ili apungue uzito hulipia vitu viwili kwa pamoja: unga wenyewe, na ahadi iliyobandikwa juu ya chupa. Unga unaweza kuwa wa kweli na uliotengenezwa kwa uangalifu. Tatizo liko kwenye ahadi. Uamuzi wetu tunautoa mapema kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini: hakuna dondoo ya uyoga, ya aina yoyote, iliyothibitishwa kwa binadamu kuwa tiba ya unene uliokithiri. Sokoni kuna dondoo zenye ubora, kuna unga wa nafaka uliovishwa jina la uyoga, na kuna vitu vya hatari. Kisha kuna uyoga wa kawaida wa kupika, ambao kwa upande wa uzito una ushahidi mzito zaidi kwa watu kuliko chupa zote hizi. Huo tutaufikia.

Tumaini limetoka wapi

Halikutoka hewani. Mwaka 2015 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti kutoka Taiwan uliofanywa kwa panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi. Baadhi yao walipewa dondoo ya maji ya Ganoderma lucidum, uyoga mgumu wa rangi ya kahawia nyekundu unaouzwa kwa majina ya reishi na lingzhi. Hao walinenepa kidogo kuliko wenzao, uvimbe wa ndani kwa ndani ukapungua, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Jambo lililovuta macho ya wengi ni hili: kinyesi cha panya waliopewa dondoo kilipohamishiwa kwa panya wengine, nafuu nayo ilihamia kwao. Maana yake sehemu kubwa ya kazi ilipitia kwa bakteria wa utumbo, ambao huzila polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo tumbo la mwenyewe haliwezi kuimeng'enya. Mwaka 2019 jarida la Gut likachapisha matokeo yanayokaribiana na hayo, safari hii kwa Hirsutella sinensis, ambayo ni umbo jingine la uyoga wa Cordyceps unaoota juu ya kiwavi, na bakteria aliyetajwa ni Parabacteroides goldsteinii.

Ni kazi nzuri ya maabara. Lakini kati ya kizimba cha panya na kabati lako la dawa kuna mapengo matatu ambayo wauzaji huyaruka.

La kwanza, panya hao walipewa dondoo wakati uleule walipokuwa wakineneshwa. Huko ni kuzuia. Mtu mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30 au zaidi, ambaye mwili wake umeshazoea uzito huo kwa miaka, anatafuta kitu kingine kabisa, yaani kupunguza na kisha kushikilia pale alipofika.

La pili ni kipimo. Dozi ya panya kwa kila kilo ya mwili hugawanywa kwa takriban 12 ili kukadiria ya binadamu. Panya akipewa miligramu 200 kwa kilo, mtu wa kilo 100 atahitaji kama gramu 1.6 za dondoo yenyewe kila siku. Kapsuli moja hubeba miligramu 400 hadi 500. Kwa hiyo ni kapsuli 3 au 4 za dondoo halisi, na chupa ya kapsuli 60 haifikishi hata siku 20.

La tatu ndilo linalotukera zaidi. Kilichotumika Taiwan mwaka 2015 kilikuwa dondoo ya maji ya utando wa uyoga, zile nyuzi nyeupe zinazotangulia uyoga kuchomoza, na nguvu yake ilionekana kwenye polisakaridi zenye molekuli kubwa. Utafiti huohuo hutajwa kuuzia mafuta ya spora (mbegu ndogo za uyoga), tincha ya pombe (uyoga uliolowekwa kwenye pombe), kahawa yenye uyoga na unga wa uyoga mkavu uliosagwa tu. Hizo ni bidhaa nne tofauti, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye jaribio.

Kwa watu, picha ni nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Sydney walitoa ripoti ya jaribio la watu 84 wenye kisukari cha aina ya 2 pamoja na dalili za mvurugiko wa umetaboli, yaani sukari, mafuta ya damu, shinikizo na kiuno vikiwa vibaya kwa pamoja. Walipewa gramu 3 kwa siku za reishi, au reishi na Cordyceps, au kidonge kitupu, kwa wiki 16. Sukari haikushuka zaidi kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokagua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 5 yenye watu 398, yalifikia hitimisho la namna hiyohiyo: ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia reishi kutibu vihatarishi vya moyo kwa wenye kisukari cha aina ya 2.

Liweke hilo kando ya dawa zilizopimwa kwa ajili ya uzito wenyewe. Semaglutide, dawa ya sindano, ya miligramu 2.4 kwa wiki, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, ilipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito kwa wiki 68, huku waliochomwa sindano tupu wakipungua asilimia 2.4. Tirzepatide, sindano nyingine, ya miligramu 15 ilifika asilimia 20.9 kwa wiki 72 katika matokeo ya mwaka 2022. Hata orlistat, dawa ya zamani yenye kero zake chooni, hupunguza kilo 2 hadi 3 zaidi ya zile ambazo mtu angepungua kwa lishe peke yake. Dondoo ya uyoga haina tarakimu ya kuweka kwenye safu hiyo. Anayekwambia "inafanya kazi kama sindano, ila ni ya asili" muulize jaribio, idadi ya watu na wiki ngapi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Aina kwa aina

Dondoo ya maji ya moto ya reishi, iliyotengenezwa kwa uyoga wenyewe, ndiyo bidhaa tunayoiheshimu zaidi katika kundi hili. Ukuta wa seli za uyoga umejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la kamba na mdudu, na beta-glukani, yaani polisakaridi za uyoga wenyewe, zimefungwa humo. Maji yanayochemka kwa saa kadhaa huzitoa. Dondoo safi huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, chungu kiasi cha kukunja uso, na huyeyuka karibu yote kwenye maji ya moto. Kama bidhaa, ni nzuri. Kama tiba ya unene, haina sifa.

Unga wa utando uliooteshwa juu ya nafaka ndio tunaoukataa waziwazi. Utando hupandwa juu ya mchele, shayiri au mtama uliopikwa, unatambaa kote, kisha mzigo mzima hukaushwa na kusagwa, kwa sababu hakuna njia rahisi ya kuutenganisha na nafaka. Anayekula unga huo hula sehemu kubwa ya wanga. Hautamdhuru, ila amelipia uyoga akapewa nafaka, na mtu anayejaribu kupungua uzito hana haja ya wanga wa bei ya dawa. Kwenye kibandiko tafuta maneno kama "utando", "biomasi" au "iliyokuzwa juu ya mchele". Wengine huficha kwa kuandika jina la uyoga tu na kuweka picha ya kichwa chake kizuri.

Tincha zinahitaji hesabu kidogo. Tincha ya 1:5 ina gramu 1 ya uyoga mkavu katika mililita 5. Kijidondoshi kimoja kilichojaa ni kama mililita 1, yaani miligramu 200 za uyoga. Famakopia ya China, kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, huelekeza gramu 6 hadi 12 za reishi mkavu kwa siku, zikichemshwa. Vijidondoshi viwili ni gramu 0.4. Halafu kuna kemia: pombe ikiwa kali, polisakaridi haziyeyuki, huganda na kuzama. Ndiyo maana tincha ya pombe peke yake hubeba triterpeni, vile viini vichungu, na beta-glukani karibu hamna. Tincha ya "mara mbili", ya maji na pombe, huacha matope chini ya chupa, na matope hayo ndiyo sehemu ya maji uliyoilipia. Asiyetikisa chupa kabla ya kudondosha hunywa pombe yenye uchungu mwezi mzima, kisha kijiko cha mwisho kinakuwa kizito kama uji.

Mafuta ya spora ni mafuta. Hayana beta-glukani, kwa hiyo hoja yote ya bakteria wa utumbo haiyahusu.

Kahawa na chokoleti ya uyoga zinatusikitisha, kwa kuwa zinauzwa kwa watu wanaotaka kupungua huku nyingine zikiwa na sukari na krimu ya unga. Soma uzito wa pakiti, kisha uzito wa dondoo. Pakiti ya gramu 20 yenye miligramu 200 za reishi ni asilimia 1 uyoga. Uchangamfu unaousikia baada ya kikombe ni wa kafeini.

Mchanganyiko wa "uyoga 10 katika kapsuli 1" una kasoro ya wazi: miligramu 500 ukizigawa kwa 10 ni miligramu 50 kila mmoja, na hakuna uyoga katika orodha hiyo uliothibitishwa kufanya lolote kwa kipimo hicho. Neno "mchanganyiko maalumu" bila kutaja uzito wa kila kimoja lichukulie kuwa taarifa imefichwa.

Uyoga mwingine unaotajwa kwa uzito tuupitie haraka. Hericium erinaceus, ule mweupe wenye manyoya, ulijaribiwa Italia kwa watu wenye uzito mkubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Nafuu iliyoripotiwa ni ya hisia na usingizi kwa wiki 8, na watu hao walikuwa pia kwenye chakula cha kalori chache. Kulala vizuri kunasaidia mtu asile ovyo usiku, hilo tunalikubali, lakini si kuyeyusha mafuta. Cordyceps militaris una kodisepini, ambayo kwenye seli za maabara huamsha swichi ya nishati iitwayo AMPK na kuzuia seli changa zisigeuke kuwa seli za mafuta. Seli za kwenye kisahani hazina ini la kuivunja dawa wala mdomo wa kula. Maitake una tafiti nyingi zilizofanywa kwa wanyama kuhusu sukari. Chaga tuna neno nayo kali zaidi, na liko kwenye sehemu ya madhara.

Kusoma kibandiko bila kudanganywa

Ukiangalia kitu kimoja tu, angalia asilimia ya beta-glukani. Usikubali "polisakaridi asilimia 40" kama jibu, maana wanga ni polisakaridi, na maltodekstrini inayotumika kukausha na kulainisha unga nayo ni polisakaridi. Unga wa mchele ungeshinda mashindano hayo kwa mbali. Kipimo kinachoaminika hutenganisha alfa-glukani, ambazo ni wanga na ndugu zake, na beta-glukani, ambazo ndizo za uyoga. Dondoo nzuri ya reishi huandika beta-glukani juu na alfa-glukani chache. Alfa zikizidi beta, umeshika nafaka.

Kisha piga hesabu ya siku. Kapsuli ya miligramu 500 yenye beta-glukani asilimia 30 ina miligramu 150, na mbili ni miligramu 300. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Miligramu 300 ni zaidi kidogo ya asilimia 1 ya hizo. Kwa hiyo anayekwambia kapsuli itakushibisha kwa sababu ya nyuzinyuzi hajafanya hesabu hii.

Uwiano wa "10:1" humaanisha kilo 10 za uyoga zimetoa kilo 1 ya dondoo. Hausemi kilichotoka ni nini, wala kama nusu ya hiyo kilo 1 ni maltodekstrini iliyoongezwa baadaye. Kwa reishi, ulio mgumu kama ubao na unaotoa kidogo majini, 10:1 inaeleweka. Kwa uyoga laini unaoyeyuka kwa wingi, uwiano mkubwa namna hiyo unadai maelezo.

Cheti cha maabara kiwe cha toleo lililo mkononi mwako, namba ya cheti ilingane na namba ya chini ya chupa, na kiwe cha bidhaa iliyokamilika. Cheti cha malighafi hakitoshi, kwa kuwa uchafu na ujanja huingia baadaye. Kionyeshe risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki, kwa sababu uyoga hufyonza metali kutoka kwenye mti na udongo unaoota, na pia kionyeshe vijidudu. Tahadhari hii si ya kupita kiasi: mwaka 2017 jarida la Scientific Reports lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani, na 5 tu, yaani asilimia 26.3, ndizo zilizolingana na kibandiko chake.

Muuzaji anayejibu swali la beta-glukani kwa namba na cheti ndani ya siku mbili tunampa alama hata kabla ya kuonja bidhaa. Anayejibu kwa ushuhuda wa wateja na picha za kabla na baada, tunamwacha.

Vipimo viwili vya nyumbani

Cha iodini hugundua wanga. Chemsha nusu kijiko cha chai cha unga katika mililita 100 za maji kwa dakika 2 au 3, acha upoe kabisa, kisha dondosha matone 5 hadi 10 ya tincha ya iodini ya dukani. Ukibaki kahawia au rangi ya kaharabu, wanga ni kidogo. Ukigeuka buluu nyeusi, kuna nafaka. Makosa ya kawaida ni matatu. Maji yakiwa bado ya moto, rangi ya buluu haionekani hata kama wanga upo. Dondoo ikiwa nyeusi sana, mfano chaga, rangi hufichwa, kwa hiyo ongeza maji mpaka uone mwanga kupita, ndipo udondoshe. Na maltodekstrini iliyokatwakatwa fupi haigeuki buluu, hivyo kufaulu iodini si hati ya usafi. Weka kando glasi ya maji matupu na glasi ya maji yenye unga wa ngano kidogo, utalinganisha kwa macho. Mwaga vyote ukimaliza, visinywewe.

Cha ulimi ni cha reishi tu. Fungua kapsuli, weka unga kidogo ulimini. Uchungu uje upesi na ukae. Ukija utamu, kuna maltodekstrini. Ukija ladha ya unga wa uji, unajua umenunua nini. Uyoga mwingine si mchungu, kwa hiyo usiuhukumu kwa kipimo hiki.

Kwa aliyeamua kujaribu hata hivyo

Tunajua wapo, na ni heri wajaribu kwa mpango. Bidhaa moja tu kwa wakati, wiki 12, bila kuanza siku hiyohiyo mazoezi mapya na chakula kipya, vinginevyo hutajua kilichofanya kazi. Anza na nusu ya kipimo kwa wiki ya kwanza, pamoja na chakula, kwa kuwa reishi huweza kuleta kichefuchefu, ukavu wa mdomo na kuharisha. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, na utumie wastani wa wiki, maana uzito wa siku hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa maji peke yake. Pima kiuno kila wiki 2 kwa utepe, mahali palepale. Uzito ukishuka wiki ya kwanza huku tumbo linaendesha, hayo ni maji, yatarudi.

Kigezo cha kuacha kiandikwe kabla ya kuanza. Madaktari huhesabu kupungua asilimia 5 kuwa mwanzo wa faida ya kiafya. Kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 5. Wiki 12 zikiisha na wastani haujasogea, chupa ya pili usiinunue. Kushauriwa "endelea miezi 6, mwili unajisafisha" ni mbinu ya mauzo, haina fiziolojia nyuma yake.

Anayependa kuchemsha mwenyewe achukue gramu 6 hadi 10 za vipande vyembamba vya reishi kwa lita 1 ya maji, moto mdogo, sufuria imefunikwa, saa 2, mpaka ibaki kama nusu. Achuje, vipande vichemshwe mara ya pili, maji yachanganywe, na yawekwe kwenye jokofu kwa siku zisizozidi 3. Kosa kubwa ni kuloweka kama majani ya chai kwa dakika 5: maji hubadilika rangi na beta-glukani nyingi hubaki kwenye ubao.

Madhara ambayo chupa haiyasemi

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, aspirini na klopidogreli, hazifai kuunganishwa na reishi bila daktari kujua, kwa kuwa reishi nao unaweza kupunguza kuganda kwa damu. Acha angalau wiki 2 kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari apime mara nyingi zaidi, hasa akiwa amepunguza chakula, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Aliyepandikizwa kiungo asiguse kabisa dondoo zinazochochea kinga. Wajawazito na wanaonyonyesha waziache.

Ini lina historia hapa. Zimeripotiwa kesi za ini kuumia kwa watu waliotumia unga wa reishi, ikiwemo ya kifo. Ni chache, lakini mwenye unene uliokithiri mara nyingi tayari ana mafuta kwenye ini, hivyo apime vimeng'enya vya ini kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 8. Macho kuwa manjano, mkojo kuwa kama chai nzito, mwili kuwasha bila upele, au michubuko inayotokea bila kugongwa: acha siku hiyohiyo, nenda hospitali.

Chaga ina oksalati nyingi. Mwaka 2014 Japani iliripotiwa kesi ya mwanamke wa miaka 72 aliyekula vijiko 4 hadi 5 vya chai vya unga wa chaga kila siku kwa miezi 6, figo zake zikajaa fuwele za oksalati na kushindwa kazi. Kwa lengo la uzito hatuoni sababu hata moja ya mtu kuihatarisha figo kwa chaga.

Na hili tunaliandika kwa msisitizo. Uyoga haukati hamu ya kula ndani ya siku 3. Ukimeza kapsuli za "uyoga wa kupunguza mwili" na papo hapo njaa ikapotea, mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio na usingizi ukakimbia, shuku sibutramini. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, na mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa "za asili" za kupunguza uzito. Usimalizie chupa. Ipeleke ikapimwe.

Uyoga wa sufuriani

Sasa ule tulioahidi. Mwaka 2013 jarida la Appetite lilichapisha jaribio la mwaka mzima kwa watu wazima 73 wenye unene uliokithiri. Kundi moja lilibadilisha nyama nyekundu kwa uyoga mweupe wa kawaida, Agaricus bisporus, wa kupika. Kundi hilo lilipungua wastani wa asilimia 3.6 ya uzito wa mwanzo, kama kilo 3. Ni kidogo ukilinganisha na sindano, lakini ni kwa watu, ni mwaka mzima, na hakuna kapsuli iliyomezwa.

Sababu yake haina siri. Gramu 100 za uyoga mweupe mbichi zina kama kalori 22, na zaidi ya sehemu 9 katika 10 ni maji. Gramu 100 za nyama ya kusaga yenye mafuta asilimia 20 zina kama kalori 250. Ukitoa gramu 100 za nyama hiyo na kuweka uyoga wa uzito uleule, umeondoa kalori zaidi ya 220 na sahani bado imejaa.

Hapa ndipo wengi huharibu: uyoga hunywa mafuta kama sponji. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, na wanaotangulia kumimina mafuta kwenye kikaango hujikuta wamemimina vijiko 3 kwa kuwa vya kwanza "vimepotea". Katakata uyoga vidogo sawa na chembe za nyama ya kusaga, weka kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, chumvi kidogo, koroga dakika 6 hadi 8. Maji yatatoka, yatachemka, yatakauka. Ndipo uweke kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa ajili ya rangi, kisha nyama. Anza kwa nusu kwa nusu kwa uzito mbichi, ukijua uyoga utasinyaa sana. Usijaze kikaango kupita kiasi, maana uyoga utajichemsha kwenye maji yake na kuwa mlaini kama mpira. Shiitake hasa uive kabisa: ukiliwa mbichi au nusu, kiini chake kiitwacho lentinani huweza kuleta upele wa mistari mgongoni na kifuani, kama alama za mjeledi, unaodumu siku kadhaa.

Kwa mwenye uwiano wa 30 na zaidi, au 27 akiwa na kisukari au shinikizo, chupa ya dondoo isiwe sababu ya kuahirisha kumwona daktari. Kama tayari unaitumia, nenda nayo. Mwonyeshe kibandiko, namba ya toleo, idadi ya kapsuli kwa siku na tarehe uliyoanza, kabla hajaandika dawa nyingine yoyote.